Jibu la Kenanga

Kila Jumatano Pon, jua likiwa bado upande wa mashariki, mwanamke anayejiita Kenanga hutuma sauti yake kwenye tovuti ya Redio Laras Bengawan, mjini Solo, kisiwani Java. Huomba wimbo wa zamani, wowote ule, mradi uwe na filimbi na fidla, kisha hutoa salamu ambazo hazibadiliki: "Kwa yule aliyezaliwa siku kama ya leo. Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi." Hasemi yuko wapi wala anafanya shughuli gani. Nyuma ya sauti yake husikika maji ya bomba yakimiminika kwenye beseni, au mlango wa chuma ukibamizwa, na safari moja alisikika mtoto mdogo akicheka, kicheko kikakatika katikati kana kwamba kimezibwa kwa kiganja.

Kenanga ni jina la hewani. Ni lile ua ambalo Waswahili huliita langilangi. Wasikilizaji wa redio za Kijava hawapendi kujitaja kwa majina ya kuzaliwa. Mmoja ni Jogoo wa Kaskazini, mwingine ni Mjane Mchangamfu, na watu wazima wenye wajukuu hufahamiana miaka kumi kwa majina hayo pasipo kuonana sura. Na Jumatano Pon si kila Jumatano. Juma la siku saba na juma la soko la siku tano, Pon ikiwa mojawapo, huzunguka pamoja kama magurudumu mawili yasiyolingana, yakakutana palepale baada ya siku thelathini na tano. Makutano yaliyokupokea ulipozaliwa ndiyo siku yako maisha yako yote. Wewe unaweza kuisahau. Mama yako hawezi.

Wening alizaliwa Jumatano Pon. Katika mji ule wapo maelfu waliozaliwa siku hiyo, na yeyote kati yao angeweza kuzidai salamu zile. Lakini Wening alipokuwa mtoto wa miaka saba alikuwa na nywele nzito zisizokauka upesi, na kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akimkemea kwa sababu ya nywele hizo. Mtu huyo, mama yake, Rumanti, alipanda basi la kwenda uwanja wa ndege, akaenda Hong Kong kumwogesha na kumlisha bibi kizee wa watu. Alirudi mara moja, na mwanasesere ambaye umri wa Wening ulikuwa umekwisha kumpita. Akaondoka tena. Jumbe za simu zikapungua, zikawa za sikukuu tu, kisha namba ikafa.

Ndiyo maana Wening, aliyefuzu mambo ya kompyuta na ambaye wenzake wote walikimbilia Jakarta, alibaki Solo akiitunza tovuti ya redio ndogo yenye dari linalovuja. Majirani walimwona mvivu. Yeye alitaka kukaa pale inapoingilia sauti ile, kama mtu anayejenga kibanda kando ya mlango.

Basi asubuhi moja ya Jumatatu meneja wa redio, Pak Wiratno, aliwaita yeye na mtangazaji, Mas Gandung, ofisini kwake. Kwa Wajava Pak ni bwana, Bu ni mama, Mas ni kaka na Mbak ni dada. Pak Wiratno alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuvaa kofia nyeusi hata kwenye joto, na siku hiyo kofia ilikuwa imesukumwa nyuma, jambo lililomaanisha kwamba kuna balaa.

"Sheria mpya ya taarifa binafsi imetufikia," alisema. "Hatuwezi tena kukaa na sauti za watu hivihivi. Lazima kwanza tuwaulize kama wanakubali."

"Tukiwauliza watakubali, Pak," alisema Mas Gandung. "Hao hukubali hata wakiulizwa kama wamekula wakati wana njaa."

"Ndilo ninalolitaka! Maana wale wafadhili wetu wa dawa za mitishamba nao wana lao. Wanataka wajue msikilizaji yuko wapi na namba yake ya simu ni ipi, ili wamtangazie dawa ya magoti mtu mwenye magoti. Wametuletea programu yao. Mtu akibonyeza kukubali tu, programu inachukua vyote. Kwa hiyo, Mbak Wening, nitengenezee kidirisha. Kitufe cha kukubali kiwe cha kijani, kikubwa kama sinia la harusi. Cha kukataa kiweke huko chini, kidogo, rangi ya majivu."

"Tukifiche nyuma ya kabati kabisa," alisema Mas Gandung.

"Usinichekeshe, Gandung. Nina kisukari."

"Na asiyejibu?" aliuliza Wening.

"Asiyejibu hadi siku ya mwisho, sauti zake zote zifutwe. Ndivyo sheria inavyosema. Zifutwe zisibaki."

Wening alirudi mezani pake. Miaka yote ile tovuti ilikuwa haichukui kitu ila sauti na jina la hewani, kwa sababu redio haikuwa na uwezo wa kuchukua zaidi. Sasa angalia. Jumatano Pon ilikuwa keshokutwa. Kenanga angefungua tovuti kama kawaida yake, kidirisha kingeruka usoni pake, angebonyeza, na papo hapo Wening angekuwa na namba ya simu ya mama yake na mtaa anaokaa. Utafutaji wa miaka ungekwisha kwa mguso wa kidole. Na kama hakubonyeza, kila neno alilowahi kulituma lingefutika.

Alikitengeneza kidirisha kwa ustadi ambao hakuwahi kuutumia pale. Hakikuuliza swali lolote. Kilisema tu, kwa lugha tamu ya heshima: "Ili tuendelee kusikilizana, tafadhali bonyeza hapa." Mambo ya namba, mahali na vidakuzi vya kumfuatilia mtu mtandaoni aliyafungia ndani ya mlango mdogo wa kijivu ulioandikwa "mengineyo", na mle ndani visanduku vyote vilikuwa vimetiwa alama ya ndiyo tayari. Alijua anatega mtego. Mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na wasiokuwemo walikuwa wasikilizaji elfu kadhaa. Lakini alikuwa akimtaka mama yake, na mwenye kiu hahesabu vikombe vya watu.

Jioni alimpa simu nyanya yake aliyemlea, Mbah Sadinem, ajaribu. Mbah alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi akichambua mboga. Alipokea simu kwa mkono mkavu, akabonyeza kijani kabla macho hayajafika mwisho wa mstari.

"Mbah! Hujasoma!"

"Nisome nini? Nimeulizwa kwa adabu, mtu kasema tafadhali. Nimkatalie usoni?"

"Si mtu, Mbah. Ni simu."

"Basi ni simu iliyolelewa vizuri. Kuliko wewe unayenipigia kelele." Akamrudishia. "Nimekubali nini, Nduk, mwanangu?"

"Kutangaziwa dawa ya magoti."

"Ee, hiyo naitaka."

Wening alicheka, halafu kicheko kikamkauka, kwa sababu kitanda kile cha mianzi ndicho walichokalia wajomba siku dalali wa kazi za ng'ambo alipokuja. Dalali alileta mkungu wa ndizi na mfuko wa sukari. Alizungumza vizuri. Alipomaliza, Pakde, mjomba mkubwa, alimgeukia Rumanti akamwuliza mbele ya wote kama anaridhia kwenda. Rumanti akajibu "inggih", ile ndiyo ya heshima ambayo mdogo humjibu mkubwa, na wote wakapumua, chai ikamiminwa. Wening alikuwa ameegemea nguzo. Aliona vidole vya mama yake vikichomoa unyuzi mmoja wa mkeka, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka pakawa na tundu.

Nchi nyingine mtu hukataa kwa kusema Mungu akipenda. Nyingine hukataa kwa kuanza kuzungumzia mvua. Wajava hukataa kwa kukubali. Ndiyo yao kwa mkubwa ni kama kuvua viatu mlangoni: unavua kwa kila nyumba, uwe umeipenda au hukuipenda. Mwenye kutaka kujua moyo wa mtu hutazama mikono, au husubiri. Siku ile hakuna aliyetazama wala aliyesubiri, na si kwa ubaya. Njaa ilikuwa imekaa nao pale kitandani.

Wening aliyawaza haya, na bado hakukifuta kidirisha. Kutamani kukikomaa hakusikii hoja.

Kesho yake, Jumanne, alikipeleka kwa Bu Sukarti, muuza chai na vitumbua vya kukaanga mbele ya lango la redio. Bu Sukarti alikuwa amefanya kazi Hong Kong miaka kumi na miwili, akarudi na meno mawili ya dhahabu na sauti ya kuamrisha. Ndiye aliyewaletea habari pekee waliyowahi kuipata: kwamba Jumapili moja, mahali wanawake wa Kijava wanapokaa juu ya maboksi kula na kusukana nywele, alimwona Rumanti. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, hana karatasi, na amebeba mtoto mgongoni. Rumanti alimsalimia tu, akaondoka haraka kama aliyeonwa akiiba.

"Bu, hebu nijaribie hiki," alisema Wening.

Bu Sukarti alijifuta mafuta kwenye aproni. Hakugusa kijani. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi ule mlango wa kijivu, akaufungua, akaanza kuzifuta alama za ndiyo moja baada ya nyingine kama mtu anayetoa chawa. Madereva wa baiskeli za abiria waliokuwa wakinywa chai wakaangua kicheko.

"Tazameni huyu! Amekuwa mzungu!"

"Bu Karti, ukiombwa mkono utakataa hivyohivyo?"

"Wewe nikiombwa na wewe nakataa kwa miguu yote miwili," alisema Bu Sukarti bila kuinua macho. "Nani katengeneza uchafu huu?"

"Mimi," alisema Wening.

Bu Sukarti akamtazama. Akampunguzia sauti. "Nduk, kule nilikuwa na mwenzangu mmoja, mtu wa Wonogiri. Hana karatasi. Amejificha chumbani miaka mitatu, hata jirani hamjui. Siku moja kaingiza kwenye simu kitu cha kutazamia nyota. Kikamwuliza, unakubali? Mwanamke wa watu kakubali, si kaulizwa vizuri? Sijui kilimwuzia nani habari zake. Wakaja watu mlangoni, si polisi, afadhali wangekuwa polisi. Wakamwambia, tunajua hapa unakaa, tunajua namba yako, kila mwezi utatupa chetu au tukuchomee utambi kwa polisi. Alikonda akawa kama uzi. Mpaka leo anawafanyia kazi wao." Akamrudishia simu. "Kule sisi kitu kikikuuliza uko wapi, unakizima kwanza, ndipo unafikiri."

Wening aliishika glasi ya chai mpaka ikapoa.

"Bu. Kama ningekuwa na njia ya kujua Mama alipo?"

"Njia gani?"

Macho ya Wening yalikuwa kwenye simu, na Bu Sukarti, ambaye miaka kumi na miwili ilimfundisha kusoma nyuso za matajiri, alizisoma za maskini kwa urahisi zaidi.

"Umemwuliza lakini?"

"Nitamwulizaje mtu nisiyejua aliko?"

"Si huja kwenu kila Jumatano Pon? Huja mpaka mlangoni! Mwulize palepale. Lakini mwulize kama binti wa watu anavyoulizwa, usimkwapue kama kuku."

Kwa Wajava binti wa watu huulizwa hivi. Wageni huja, hukaa, husema kwa uwazi walichokijia, hunywa chai, kisha huondoka bila jibu. Hakuna anayedai jibu siku hiyo. Anayedai huonekana amekuja kununua mbuzi. Jibu hupelekwa siku nyingine, na katikati ya siku hizo mbili msichana huachwa alale na swali lake.

Mchana ule Wening alikibomoa kidirisha chake akakijenga upya. Kiliuliza mambo matatu, kila moja peke yake. Tuihifadhi sauti yako? Tulitaje jina lako la hewani? Mtu akikutafuta kupitia redio, tumpe njia ya kukupata? Chini ya kila swali kulikuwa na vitufe viwili, Nakubali na Sikubali, vya ukubwa mmoja na rangi moja, na hakuna kilichotiwa alama. Mwisho aliandika: "Si lazima ujibu leo. Sauti yako itakungoja hadi siku yako izunguke tena." Muda wa sheria ulitosha kwa hilo.

Programu ya watu wa mitishamba hakuiweka.

Pak Wiratno alipokiona kidirisha, kofia ilirudi nyuma ya kisogo.

"Hii ni tovuti au posa?"

"Posa, Pak."

"Na hili Sikubali limenenepa hivi kwa nini? Unataka kuwafundisha wazee wetu utovu wa adabu? Watu wa dawa nitawaambia nini?"

Wening alikuwa ameandaa maneno ya sheria. Alichosema ni hiki: "Kenanga ni mama yangu, Pak."

Feni ya dari ilizunguka. Pak Wiratno alimtazama Mas Gandung.

"Wewe ulijua?"

"Wimbo wa Kenanga sijawahi kuukata kwa tangazo hata mara moja," alisema Mas Gandung. "Ulidhani ni kwa sababu ya ufundi wa mpiga filimbi?"

Pak Wiratno aliivua kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo, akaivaa sawasawa. "Maswali yasomwe na hewani," alisema hatimaye. "Wazee wengine hawaoni. Na wakikataa wote, Mbak Wening, nitakutuma wewe ukauze dawa ya magoti nyumba kwa nyumba."

Jumatano Pon, Kenanga alikuja. Wening aliona kidirisha kimefunguliwa. Kilikaa wazi muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma mistari michache. Kisha kikafungwa, maswali yote matatu yakiwa hayajajibiwa, na salamu zikaingia kama kawaida. Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mas Gandung aliyasoma maswali hewani kwa Kijava cha juu, kile cha kuwaombea watu mabinti zao, na mji mzima ulizungumza habari hiyo. Watu walianza kujibu. Mjane Mchangamfu alikubali yote, akauliza kama kuna maswali mengine. Wengi walikataa lile la tatu, na Wajava walipopewa ruhusa ya kukataa ilikuwa kichekesho chenyewe: walibonyeza Sikubali, halafu wakatuma sauti kuomba radhi. "Samahani sana, nimekataa, msinikasirikie, salamu kwa wote, na kwa Pak Wiratno mwenyewe." Jogoo wa Kaskazini alikataa asubuhi, mchana akaja mwenyewe redioni kwa pikipiki na chane ya ndizi, akaketi ukumbini nusu saa kuhakikisha kwamba hakuna aliyeumia.

Wening alingoja. Alikuwa amezoea kungoja, ila kule kwa zamani kulikuwa kama maji ya kisima, yametulia. Huku kulikuwa na mawimbi. Alipokuwa akifua alijikuta akipanga nini atasema kwanza kwenye simu, na kama atamwita Mama au, kwa heshima ya Kijava, Ibu, na kama yule mtoto aliyecheka atapokea simu yeye. Alimpa mtoto yule jina, akalibadilisha, akampa jingine. Alihesabu atakuwa darasa la ngapi. Kuna adhuhuri alichomeka kijiti cha kuhifadhia kwenye kompyuta ya redio ili azinakili sauti zote za Kenanga, asije akabaki mikono mitupu. Alikiangalia kikimwekamweka. Akakichomoa. Hakuwa amepewa.

"Akikubali, utakwenda?" Mbah alimwuliza siku moja, akijifanya anatafuta kisu.

"Nitapiga simu kwanza, Mbah."

"Mwambie..." Mbah alikiona kisu, akakikamata. "Basi. Hapana. Mwambie tu mti wa jambu hapa uani umezaa matunda."

Siku ikazunguka. Jumatano Pon ile Wening alifika redioni wa kwanza, akafagia mpaka sehemu asizopaswa kufagia. Asubuhi ilipita. Wakati ambao Kenanga huja ulifika, ukapita. Mas Gandung aliongea hewani maneno mengi kuliko kawaida, akirefusha kipindi, akasimulia hadithi moja mara mbili. Bu Sukarti aliingiza chai ambayo hakuna aliyeiagiza, akasimama tu pale mlangoni na sinia.

Kisha ikaingia.

Swali la kwanza, tuihifadhi sauti yako: Nakubali.

La pili, tulitaje jina lako la hewani: Nakubali.

La tatu: Sikubali.

Wening alilitazama neno lile kama mtu anayetazama mlango ambao ameuona ukifungwa polepole, kwa upole, na mtu anayemfahamu. Hapakuwa na kosa la kidole. Kidirisha kilionyesha kwamba swali lile la tatu lilifunguliwa, likaachwa, likafunguliwa tena, na jibu lilikuja la mwisho, peke yake, baada ya mengine kukaa.

Aliiweka sauti masikioni. Kwanza maji ya bomba. Bomba likafungwa. Halafu: "Kwa yule aliyezaliwa siku kama ya leo. Kula vizuri." Alisikika akivuta pumzi. "Mwambieni aliyeyaandika yale maswali, nimeyasoma mara nyingi. Nimeyasoma kila siku." Mlango wa chuma ukalia, sauti ikakatika.

"Dik, mdogo wangu?" Mas Gandung alikuwa amesimama nyuma ya kioo, mkono juu ya vitufe vyake.

"Amekataa," alisema Wening. "Piga wimbo wake."

Mas Gandung akaupiga, wote, mpaka filimbi ilipoishiwa pumzi. Bu Sukarti aliweka sinia chini. Alimkamata Wening mabega kutoka nyuma, akayaminya kwa nguvu kama anayekamua nguo, akarudi kwenye vitumbua vyake maana vilikuwa vinaungua.

Wening aliandika kwenye mfumo yaliyopaswa kuandikwa: sauti zihifadhiwe, jina litajwe, asitafutwe. Akahakikisha mara mbili kwamba hakuna njia yoyote, hata ya ufundi, hata ya bahati mbaya, ambayo mtu angeweza kuitumia kuligeuza lile la tatu. Pak Wiratno alipita, akasoma juu ya bega lake, akampa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa kumwambia kwamba feni ya chumba kile ni mbovu.

Mbah alikuwa uani. Alipouona uso wake hakuuliza kama jibu limekuja.

"Kasema inggih?"

"Amekataa, Mbah."

Mbah aliinuka taratibu, mkono kiunoni. "Rumanti? Kasema hapana?"

"Kasema hapana."

"Nani alikuwa karibu yake?"

"Hakuna. Peke yake."

Nyanya akakaa tena, kama aliyeambiwa kwamba mtoto wake amejifunza kuogelea katika mto ambao yeye haujui. "Tangu nimzae sijapata kumsikia akilitoa neno hilo," alisema. Machozi yalikuwa yakimshuka na alikuwa akitabasamu, na hakujali kipi kimetangulia. "Alilisemaje, Nduk?"

"Hakulisema. Alibonyeza tu."

"Kwa nguvu?"

"Simu haionyeshi, Mbah."

"Ni kwa nguvu," alisema Mbah. "Najua ni kwa nguvu."

Wakakaa. Jirani alikuwa akianika vitambaa vya batiki, na harufu ya nta ilikuja na kuondoka. Wening alilia kidogo, bila kelele. Alikuwa amemtamani mama yake kwa namna moja tangu akiwa na miaka saba, na sasa alimtamani kwa namna nyingine, ambayo hakuwa na jina lake: alimtamani mwanamke yule aliyeko mbali, mwenye mtoto, mwenye mlango wa chuma, ambaye aliulizwa na akajua analolitaka.

Alitoa simu. Miaka yote aliyoitunza tovuti ile hakuwahi kuiingia kama msikilizaji. Alipofika mahali pa jina la hewani aliandika Wening, jina lake lilelile la kuzaliwa. Akabonyeza pa kurekodi.

"Kwa Kenanga," alisema. "Jibu limefika. Asante." Alikuwa na mengine, aliyapanga kwa mzunguko mzima. Yaligoma kutoka, naye hakuyalazimisha. "Mti wa jambu umezaa," alisema, kwa sababu alikuwa ameagizwa, na akatuma.

Kidirisha kikamruka usoni, kikamwuliza maswali yake mwenyewe. Aliyasoma yote kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Sauti, alikubali. Jina, alikubali. Kwenye la tatu kidole kilikaa hewani.

Mbah alisogea akachungulia. "Hicho kinauliza nini?"

"Kama mtu akinitafuta, wampe njia ya kunipata."

"Na si lazima ujibu leo."

"Si lazima, Mbah."

Akabonyeza Nakubali, akaandika namba yake, tarakimu moja moja, akaisoma tena kuhakikisha. Kisha akaiweka simu kati yao kwenye kitanda cha mianzi, uso juu, na wakaendelea kuchambua mboga.